Ubao wa Mama Kinsi

Garissa
12 Juni 1997

Walaal Yarrow,

Assalaam aleikum, ndugu yangu. Usishtuke kupata barua ya mtu ambaye hujamwona miaka thelathini na tisa. Mimi ni Saynab, binti wa Kinsi wa Garissa, yule aliyekuwa akikumiminia chai ulipokuja na lori la ngozi. Nimejua kwamba uko hai kwa dereva mmoja wa vitunguu aliyelala kwangu wiki iliyopita. Alisema kuna mzee Rhamu ana shamba kando ya mto Daua, mkali kwa nyani na mpole kwa watu, na zamani aliendesha lori. Nikamuuliza, "Ana kovu kwenye kidole gumba?" Akasema analo. Basi nikajua ni wewe.

Naandika Kiswahili kwa sababu nilijifunza kusoma na kuandika kwenye gumbaru, nikiwa tayari nina wajukuu wawili, na mwalimu wetu hakuwa na lugha nyingine. Kisomali nakisema mpaka jirani analalamika, lakini kukiandika sijui. Nasikia hata wewe ni hivyo hivyo, ulijifunzia kwenye ripoti za safari za lori. Basi tuvumiliane makosa.

Mume wangu Abdiwali alifariki mwaka wa tisini na moja. Watoto wana nyumba zao. Mimi niko palepale kwenye hoteli ya mama, vyumba vinne na jiko, na magoti yanayonilalamikia kila nikiinama.

Sasa nikuambie shida yangu. Garissa uliyoiacha ilikuwa mtaa mmoja na punda. Leo hoteli na nyumba za kulala wageni zimejaa kutoka sokoni mpaka mtoni, na barabara inayopita katikati yake haina jina. Wazee wameunda kamati, katibu wake ni mwalimu Abdirahim, na wamekubaliana kwamba barabara ipewe jina la mtu aliyefungua hoteli ya kwanza mjini. Mimi nasema mtu huyo ni mama, mwaka 1951, akiwa mjane. Duale, mwenye hoteli ya ghorofa mbele ya mlango wangu, anasema ni marehemu baba yake, mwaka 1956. Ananiambia hadharani, "Hoteli gani haina meza? Hiyo ilikuwa jiko ya mtu tu."

Kamati inataka mashahidi wawili waliolala kwa mama kabla ya hiyo 1956, na wasiwe jamaa wa familia. Mmoja ninaye, Mzee Alio aliyekuwa karani wa ngozi. Wengine wote wametangulia. Umebaki wewe.

Mama alifanya kazi miaka ishirini na nane na hakuna kitu duniani chenye jina lake. Nataka jina hili, Yarrow. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka hili. Andika mistari michache kwamba ulilala kwake, utie sahihi, inatosha.

Saynab Kinsi
(kamati wananiita hivyo siku hizi, na mimi sikatai)


Rhamu
3 Julai 1997

Abaayo Saynab, dada yangu, binti wa mama yangu mdogo,

Waaleikum salaam. Barua yako ilifika mikononi mwangu nikiwa nagombana na nyani kwenye migomba. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nyani walikula walivyotaka siku hiyo.

Mimi pia ni mjane. Sharifo wangu alinitoka miaka mitatu iliyopita. Binti yangu Ruweyda anaishi nami na watoto wake, na anaangalia kila kijiko cha sukari ninachotia kwenye chai.

Umenirudisha mbali. Mama yangu alikufa nikiwa na miaka minne, hata sura yake siikumbuki. Upande wa mama sikujua mtu. Nilichojua ni neno moja la baba: dada wa mama yako anaitwa Kinsi, mjane, yuko Garissa karibu na mto. Siku ya kwanza kufika Garissa na lori, mwaka 1952, niliuliza nyumba ya Kinsi, na kila mtu alinyoosha kidole upande mmoja. Niliingia, nikasema salaam, nikamhesabia mababu wa mama yangu mmoja mmoja. Habaryar, yaani mama mdogo, aliingia jikoni kwanza. Kisha akasema, "Karibu mwanangu, kaa." Akanitandikia ule mkeka mwekundu. Sijapata kukaribishwa hivyo tena maishani.

Na jinsi nyumba ile ilivyokuwa na ndugu! Kila nikija nawakuta wanaume kumi, kumi na wawili, wanakula anjera na nyama, wengine hata Kisomali hawajui, na wote wananisalimia kama wamenizaa. Nilikuwa nawasimulia madereva wenzangu ukarimu wa habaryar, hawakuamini. Unakumbuka ule ubao uliokuwa umeegemea ukutani? Nilipigilia msumari wa bodi ya lori nitundike kofia yangu. Habaryar alikasirika kidogo siku hiyo, na mpaka leo sijui kwa nini.

Kuhusu hoteli sikuelewa vizuri. Mimi nilikuja nyumbani kwenu miaka sita na sikuona hoteli yoyote. Labda mliifungua baada yangu? Nieleze, nami nitaandika lolote la kumpa heshima.

Ndugu yako,
Yarrow


Garissa
24 Julai 1997

Walaal Yarrow,

Nilipofika pale uliposema nyumba yetu ilikuwa na ndugu wengi, nilicheka mpaka mjukuu wangu Hani akaja kuangalia kama ni mimi au ni mteja.

Sikiliza sasa jinsi mama alivyofanya kazi, maana hata kamati imenitaka niieleze. Wakati ule kumuuzia mgeni chakula ilikuwa aibu kwa watu wetu. Msafiri anaingia na vumbi lake, utamwambiaje bei? Lakini mama alikuwa mjane, na malori yalianza kuja mengi, na wasafiri walikuwa wakilala chini ya magurudumu. Hakuweza kuwalisha wote bure, na hakuweza kumtajia mtu bei.

Basi akaweka mikeka miwili. Mmoja mwekundu, wa jamaa. Mwingine mrefu, wa rangi ya majani makavu, wa wapita njia. Anayeingia anachagua mwenyewe pa kukaa. Akikaa kwenye mrefu, amekwisha sema kwa makalio yake kwamba yeye si jamaa, na asubuhi akiondoka ataacha kitu kando ya birika. Hakuna aliyeulizwa na hakuna aliyeona haya. Habari zilienea mpaka Wajir, na watu walikuja kwa ajili ya ule mkeka mrefu hasa, kwa sababu mtu aliukalia na heshima yake nzima.

Hiyo ndiyo hoteli, Yarrow. Ulikuwa ndani yake miaka sita. Andika tu kwamba uliona watu wakilala na kula kwenye mkeka mrefu. Usiandike zaidi ya hapo, na neno habaryar usiliweke.

Siwezi kueleza sana kwenye karatasi. Niamini tu.

Saynab


Rhamu
20 Agosti 1997

Abaayo,

Nimekasirika, na nakuambia wazi kwa kuwa sisi ni damu moja.

Nakumbuka mkeka mrefu vizuri sana. Ulikuwa wa jamaa wa mbali. Kila nyumba kubwa ina jamaa wa karibu na jamaa wa mbali, na ni desturi kuwatofautisha. Na kama waliacha kitu kando ya birika, hiyo ni adabu yao. Hata mimi nilileta sukari kila safari, je, nilikuwa mteja? Leo unataka niseme mbele ya wazee wa Garissa kwamba dada wa mama yangu aliuza chai kwa watoto wake mwenyewe. Huyo Duale na ghorofa yake watasema nini? Watasema mpwa wake mwenyewe ameshuhudia.

Kwa hiyo nimemaliza jambo hili. Nimemwandikia katibu Abdirahim moja kwa moja, kurasa mbili. Nimesema mimi ni mtoto wa dada yake Kinsi, nilikula na kulala kwake miaka sita, na ile haikuwa hoteli bali nyumba ya mwanamke mkarimu kuliko wote niliowajua. Nimetia sahihi na dole gumba pia, lenye kovu, wasiwe na shaka.

Najua utanishukuru baadaye. Barabara ni mchanga tu, abaayo. Jina zuri la habaryar ni jambo lingine.

Ruweyda anakusalimu. Tumevuna vitunguu vizuri, nitakuletea gunia dereva akipita.

Yarrow


Garissa
15 Septemba 1997

Yarrow,

Mwalimu Abdirahim alikuja na barua yako mkononi, uso umemshuka. Akasema, "Mama Saynab, shahidi wako amesema haikuwa hoteli, na tena ni jamaa yenu." Duale alikuwa amekaa pale anakunywa chai yangu, maana chai ya kwake haimpendezi hata yeye. Hakucheka. Aliniangalia kwa huruma, na hiyo iliniuma kuliko kicheko. Kamati wamenipa mpaka mwezi wa kumi na moja, halafu watafunga.

Basi nitakuambia jambo ambalo mama alinikataza kulisema. Nimemwomba msamaha leo alfajiri.

Wewe si mtoto wa dada yake. Garissa ilikuwa na wajane wawili walioitwa Kinsi karibu na mto. Mmoja alikuwa dada wa mama yako. Aliugua, akafa mwaka mmoja kabla hujafika. Kila mtu uliyemuuliza njia alidhani unatafuta Kinsi wa hoteli, kwa sababu ndiye aliyebaki, na ndiye kila dereva aliyemtafuta. Ulipoanza kumhesabia mababu wa mama yako, mama alijua ulipofika kwa babu wa pili kwamba hao si watu wetu. Ndiyo maana aliingia jikoni kwanza. Mimi nilikuwepo. Akaniambia, "Huyu kijana ametoka Mandera kutafuta mtu mmoja aliyebaki upande wa mama yake, na mtu huyo yuko kaburini. Nimwambieje, na bado ana vumbi?" Akachukua mkeka mwekundu.

Alikusudia kukuambia kesho yake. Kesho yake uliamka ukiimba. Basi akasema safari ijayo. Safari ijayo ukaleta sukari na shuka, ukamwita habaryar mbele ya watu, na kuanzia hapo mlango wa kusema ulifungwa. Akawaapisha wateja wote. Lori lako lilipopiga honi kule juu, Mzee Alio alikuwa anasimama na kutangaza, "Mwana wetu anakuja, kila mtu awe ndugu." Wale unaowakumbuka ni madereva, wachinjaji na makarani. Yule mrefu asiyejua Kisomali, aliyekuwa akikubusu mkono, alikuwa fundi wa saruji kutoka Kitui. Alio anasema walikaa na wasiwasi miaka sita. "Huyu kijana ikijua," anasema mpaka leo, "nyumba yote tumeingia aibu."

Na ule ubao uliopigilia msumari. Ugeuze akilini mwako. Upande wa pili mama alikuwa amechoresha birika na kitanda, na mwaka 1951, na chini yake KINSI. Ulikuwa unakaa nje juu ya mlango. Ulipopiga honi, mimi ndiye niliyekimbia kuushusha na kuuegemeza ukutani, picha ndani. Msumari wako ulipenya ukatokea katikati ya birika. Mama alikasirika kwa sababu ulikuwa umetoboa kitu cha kwanza alichonunua kwa kazi yake mwenyewe. Ninao bado. Duale anasema naweza kuwa nimeuchoresha jana.

Hakukudanganya kwa kukudharau, Yarrow. Alikupenda. Alipokuwa mgonjwa alikutaja kabla ya kunitaja mimi.

Kama unaona haya, wa kuona haya ni sisi. Kama unakasirika, kasirika, lakini niandikie. Kuna jambo moja zaidi, la kwangu mimi, ambalo halihusu hoteli. Hilo sitaliandika.

Saynab


Garissa
2 Desemba 1997

Yarrow,

Hii ni ya tatu. Barua mbili sijui zilizama wapi. Mvua hii haijawahi kuonekana, mto umeingia mashambani, barabara zimekatika pande zote, na unga unakuja kwa ndege. Nina watu sitini wanaolala kwenye vyumba vinne na uani, na mikeka yote imetandikwa, mwekundu kwa mrefu, hakuna anayechagua. Kamati haijakaa. Nusu yao wako kwangu wanakunywa uji.

Redio inasema Daua nayo imefurika. Sitaki ushahidi tena. Sema tu kama uko hai.

S.


Rhamu
9 Februari 1998

Kwa eeddo, shangazi yangu Saynab,

Shikamoo. Mimi ni Ruweyda, binti ya Yarrow. Samahani nakuandikia bila kunijua. Sisi tuko hai wote, alhamdulillah. Mto ulichukua migomba na pampu, lakini nyumba iko juu. Mbuzi tulipoteza wengi, hilo tumwachie Mungu.

Barua yako ya mwezi wa tisa ilitufikia wiki mbili zilizopita, mwishoni mwa Ramadhani, ndani ya gunia la sukari, imelowa na kukauka. Baba aliisoma akaikunja. Siku ya kwanza alikula tende moja tu kwa futari. Siku ya pili aliniuliza kama yeye ni mtu wa kudanganyika kirahisi. Nikamwambia ndiyo, kila mtu Rhamu anajua. Siku ya tatu alikwenda kuzibua mfereji shambani. Nilimsikia anacheka peke yake, nikatuma mtu aende kumtazama. Alikuwa amesimama kwenye tope mpaka magotini, jembe begani, analia na kucheka.

Tangu siku hiyo simwelewi. Amenyoa kichwa. Amenituma hina ya ndevu, ndevu ambazo tangu mama afariki hajazishughulikia. Jana ameniuliza kama kanzu yake ya Iddi inamkaa vizuri mabegani.

Eeddo, ulimwandikia nini baba yangu?

Ruweyda


Rhamu
20 Februari 1998

Saynab,

Neno abaayo nimeliacha makusudi. Nililiandika, nikalifuta, karatasi imetoboka, ndiyo maana nimetumia nyingine.

Siku ya kwanza niliona haya kiasi cha kutaka kuingia chini ya ardhi. Nilikumbuka kila sahani niliyoomba iongezwe. Nilikumbuka nilivyomkemea yule fundi wa Kitui kwamba anakula sana nyumbani kwa habaryar wangu. Masikini, alikuwa amelipa.

Siku ya pili nilimlilia Kinsi wangu, ambaye sikumjua. Kisha nikamlilia wako, na huyo nilimlilia zaidi. Mimi nilikuwa kijana asiye na mtu, na mwanamke mwenye kazi yake na mzigo wake alishusha ubao wake kila mwezi, miaka sita, ili mimi niwe na mama mdogo. Nami nikaandika kurasa mbili za kumnyang'anya kazi hiyo, na dole gumba juu yake.

Siku ya tatu nilikuwa kwenye mfereji. Jembe likanikwama mkononi, nikasema kwa sauti, peke yangu: basi Saynab si binti wa mama mdogo.

Sasa na mimi nina langu. Unajua kwa nini niliacha kuja mwaka 1958? Hukuuliza hata mara moja, na mimi nimeshukuru. Niliomba kubadilishiwa njia, nikaendesha kaskazini tu. Sheria haikatazi, lakini kwetu watoto wa madada wawili ni ndugu tumbo moja, na mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu siku kati ya safari na safari, si kwa ajili ya anjera. Nikajiambia, Yarrow, umekaribishwa kwenye mkeka mwekundu, usiuchafue. Nikaondoka bila kuaga vizuri. Nilimwoa Sharifo, tukaishi vizuri, Mungu amrehemu, na sitasema neno la kumpunguza. Lakini ile safari ya mwisho kutoka Garissa niliendesha mpaka Wajir bila kuongea na mtu.

Lile jambo lako ambalo hukuliandika, usiliandike. Nakuja.

Wamesema njia itapitika baada ya wiki tatu. Mwambie katibu aweke kando barua yangu ya kwanza, mwenyewe aliyeiandika anakuja kuila. Na nikifika, nakuomba kitu kimoja. Usinitandikie mkeka mwekundu. Nipe ule mrefu, wa wapita njia, mbele ya kamati yote.

Yarrow


Garissa
22 Machi 1998

Ruweyda mwanangu,

Nimefika salama. Siku tisa kwenye lori, mbili kati ya hizo tukilisukuma. Gunia la vitunguu limefika pia, limepungua kidogo, maana abiria nao ni watu.

Garissa siijui tena. Lakini mlango ule niliujua, na juu yake kulikuwa na ubao umetundikwa, birika na kitanda, na ncha ya msumari yenye kutu katikati ya birika. Nilisimama chini yake kama mjinga. Mara nikasikia sauti ndani inasema, "Unaingia au unazuia wateja?" Ameota mvi na amenenepa kidogo, na ile sauti haijazeeka hata siku moja.

Kamati ilikaa jana uani kwake baada ya salati ya adhuhuri. Mikeka ilikuwa miwili. Nikaenda nikakaa kwenye ule mrefu, karibu na Mzee Alio. Akaninong'oneza, "Miaka arobaini na sita nangojea wewe nakaa hapa."

Nikaeleza yote, mwanangu, sikuficha kitu. Nilisema nilivyoingia, nilivyohesabu mababu wa mtu mwingine, nilivyowasalimia wachinjaji kama wajomba. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai kwenye kanzu ya katibu. Nikasema, hao mliosikia nikiwaita ndugu walikuwa wageni wa hoteli, walikula, wakalala, wakaacha haki ya mwenyewe kando ya birika, na hiyo ilikuwa 1952, wakati baba yake Duale bado anachunga ngamia.

Duale akasimama. Ni mtu mzuri, usimfikirie vibaya. Akasema, "Mzee, maneno iko sawa. Lakini ubao inaweza kuchorwa jana." Nikamwambia aushushe mwenyewe augeuze. Akauleta. Msumari uko mahali pake, wa bodi ya lori, kichwa cha pembe nne, kutu imeula mpaka ndani ya mbao. Nikavua kofia yangu nikaitundika. Ilikaa.

Duale aliangalia ile kofia muda mrefu. Halafu akauliza, "Na miaka yote sita, huyu mama hakukuambia utoke?" Nikasema hakuniambia. Akamgeukia katibu. "Andika Kinsi," akasema. "Baba yangu angemfukuza huyu siku ya kwanza. Mimi nitabaki na ghorofa yangu." Akaenda kumshika Saynab mkono, naye alikuwa analia na kumwambia chai ipo, akae.

Kwa hiyo ni Barabara ya Kinsi. Kibao kitawekwa mwezi ujao, na fundi ameagizwa achore na birika.

Lakini bado sijakuambia lililobaki, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Kabla ya kufunga, mwalimu Abdirahim alikuwa anajaza fomu ya ushahidi. Jina, akaandika. Umri, tukakisia. Kisha akasoma, "Uhusiano wa shahidi na familia ya Kinsi?" Nikasema, "Hakuna." Akauliza tena, maana barua yangu ya kwanza ilikuwa mbele yake na dole gumba langu. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Hakuna uhusiano wowote wa damu, si kwa baba wala kwa mama, na Mzee Alio ni shahidi." Alio akasema ni kweli. Wazee saba wakatia sahihi, na Duale wa nane.

Nikamwomba katibu nakala ya karatasi hiyo. Akauliza, "Ya nini, mzee? Barabara mmekwisha ipata." Nikamwambia nitaihitaji kwa sheikh.

Saynab alikuwa amesimama mlangoni na birika, chai inamwagika nje ya kikombe, haoni. Kisha akaweka birika chini. Akaja pale nilipokaa, mbele ya kamati yote, akaniambia, "Inuka." Nikainuka. Akaukunja ule mkeka mrefu, akautia kwapani, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na ule mwekundu, akautandika mwenyewe, akanyoosha pembe zake zote nne, akasema, "Sasa kaa."

Njoo na kaka zako baada ya Iddi ya kuchinja, na usijali kuhusu ile kanzu ya Iddi niliyokuja nayo. Inanikaa vizuri, hata Saynab anasema hivyo.

Baba yako,
Yarrow